Jinsi ya kupanga saiti yako kwa kategoria ili mtu afike kwa anachotafuta bila kuzunguka

Mtu akitaka spea ya gari hapa Kampala haulizi sana, anaenda Kisekka. Kadi za harusi anashuka Nasser Road, mbao Ndeeba, mitumba Owino, vitu vya jumla Kikuubo, na hakuna aliyemfundisha darasani, ni vile tu vitu vya aina moja vimekaa pamoja na kila mtu analijua jina la mahali vinapopatikana. Sasa fungua saiti nyingi za kwetu, hasa hizi za mashirika na vyama vya wakulima na shule, unakuta menyu inasema Nyumbani, Kuhusu Sisi, Idara, Miradi, Machapisho, Mengineyo, na wewe ulikuja kutafuta kuku akikohoa unampa nini. Unabonyeza Miradi, siyo, unarudi, unabonyeza Machapisho, inafunguka PDF ya ripoti ya mwaka, bando imeisha na kuku bado anakohoa.

Na bando ni pesa jamani. Tangu Julai 2021 data hapa Uganda inakatwa ushuru wa asilimia 12, ndo ikachukua nafasi ya ile OTT, ushuru wa mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, kwa hiyo kila ukurasa mtu anaofungua kimakosa kwenye saiti yako ameulipia. Mimi naona kumzungusha mkulima ndani ya menyu ni kumla pesa yake, na ndo maana naandika hii yote.

Nitatumia mfano mmoja: saiti ya ushauri wa kilimo kwa Kiswahili, ina makala kama mia mbili zilizorundikwa kwa miaka, wasomaji ni wakulima na vijana wanaotaka kuanza kufuga, wengi wako kwa simu. Ukiwa na saiti ya shule au duka njia ni hiyo hiyo, nitagusia kidogo mbele.

Hatua ya 1: Andika kila ulicho nacho, dashibodi (ule ukurasa wa kuendeshea saiti) iache kwanza

Fungua Excel au Google Sheets, hata daftari linatosha kama makala siyo nyingi, kila makala ipate mstari wake. Safu ni kichwa, linki, mwaka iliyoandikwa, swali inalojibu, na uamuzi. Hiyo safu ya swali ndo yenye kazi. Usiandike mada, andika swali vile msomaji angeuliza kwa mdomo wake, yaani makala yenye kichwa "Umuhimu wa chanjo katika ufugaji wa kuku" swali lake ni "vifaranga niwachanje lini na kwa dawa gani?" na ukishaliandika hivo tu tayari unaanza kuona makala hii inakaa na zipi.

Utakutana na makala ambazo hazijibu swali la mtu yeyote. Salamu za mwaka mpya za mwenyekiti, picha za semina, tangazo la mkutano uliopita zamani. Hizo kwenye uamuzi andika "futa" au "hamisha kwa ukurasa wa chama" na usizionee huruma. Zingine utakuta nne zote zinaeleza kukausha kahawa, kila moja na robo ya maelezo, hizo andika "unganisha", utengeneze moja iliyoshiba. Kwa uzoefu wangu hapa mtu anapoteza siku mbili tatu na anaona kama hafanyi kazi yenyewe, lakini ukiiruka hatua hii utakuja kutengeneza kategoria kwa ajili ya makala ambazo hazikutakiwa kuwepo kabisa.

Hatua ya 2: Kusanya maneno ya watu wenyewe

Hapa ndo penye utajiri kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kategoria inapangwa kwa maneno ya anayekuja, siyo ya mwenye saiti. Unayapata wapi? Kwanza kwenye simu yako: meseji za WhatsApp, sauti walizokutumia, maswali ya kwenye mikutano ya kijiji. Yaandike kama yalivyo, na makosa yake. Pili Google Search Console, ni ya bure, ukishaunganisha saiti inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google mpaka saiti yako ikatokea. Tatu kisanduku cha kutafuta cha saiti yenyewe, kama una plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye saiti, inayohifadhi yaliyotafutwa, basi una hazina, soma hasa yale yaliyotoa majibu sifuri.

Utaona tofauti mara moja. Ofisi inaita "Huduma jumuishi za kifedha", mkulima anaandika "pesa ya PDM napataje". Tangu ule mpango wa serikali wa kupeleka pesa mpaka parokia, Parish Development Model, uzinduliwe Februari 2022 neno PDM liko mdomoni kwa kila mtu kila parokia, sasa wewe ukilificha chini ya jina la ofisi hatalipata hata akipita juu yake. Ofisi inaita "Afya ya mifugo", watu wanaandika "ng'ombe kupe" na "nguruwe kufa ghafla".

Mfano mwingine ni ndizi. Hapa kwetu ukimwambia mtu ndizi anafikiria zile ndogo tamu, ya kupika ni matoke, ya kuchoma ni gonja, ile kubwa ya kula ikiiva ni bogoya, ya pombe ni mbidde. Ukichukua mpangilio wa saiti ya Dar ukauweka hivo hivo na kategoria inaitwa "Ndizi", mkulima wa Masaka anayetafuta ule mnyauko wa bakteria, ule ulioonekana Mukono 2001 ukasambaa, anaweza akaipita kategoria hiyo kabisa sababu yeye shida yake ni matoke. Basi iandike Matoke, afu ndani ya maelezo ya kategoria utaje na ndizi, gonja na bogoya ili anayetafuta kwa majina hayo naye afike.

Hakuna aliye juu ya jambo hili hata wakubwa. Melvil Dewey alipotoa mfumo wake wa kupanga vitabu vya maktaba mwaka 1876 aligawa elimu yote mafungu 10, fungu la 200 likawa la dini. Sasa angalia ndani yake: kuanzia 220 mpaka 280 na kitu ni Biblia na Ukristo, dini zingine zote za dunia zikasukumwa 290, Uislamu wote ukapata 297. Vitabu vya dini zingine vilikuwepo, aliyepanga ndo alikuwa anapanga akiwa amekaa kwake. Menyu yenye "Idara" na "Miradi" ni ugonjwa ule ule, mwenye saiti amepanga kufuata viti vya ofisini kwake.

Hatua ya 3: Chagua njia moja ya kugawa, moja tu

Makala moja inaweza kugawiwa kwa njia nyingi. Kwa zao: kahawa, matoke. Kwa kazi: kupanda, kutunza, kuvuna, kuuza. Kwa mahali: Kati, Mashariki, Kaskazini, Magharibi. Kwa msimu. Kwa aina: video, makala, picha. Mkutubi mmoja wa India, S. R. Ranganathan, mwaka 1933 alitoa mfumo mzima wa maktaba unaokubali kwamba kitu kimoja kina pande kadhaa kwa wakati mmoja, na kichwa chako kikishaelewa hilo kazi inakuwa nyepesi sana.

Shida inaanza pale menyu inapochanganya pande. Tuseme una Kahawa, Magonjwa, Mashariki na Video, zote ziko juu pamoja. Sasa video ya kutu ya majani ya kahawa iliyopigwa Mbale inaenda wapi? Zote nne. Leo utaiweka Kahawa, mwezi ujao mwenzako ataweka inayofanana nayo kwenye Magonjwa, mwaka ukiisha hakuna kategoria hata moja iliyokamilika na msomaji akifungua Kahawa anadhani hayo ndo yote mliyo nayo.

Chagua upande ambao mtu anaujua tayari kabla hajafika. Mkulima anajua ana kahawa, hajui kama shida yake ni ugonjwa au udongo, hilo ndo anakuja kuuliza. Kwa hiyo zao linakuwa kategoria, pande zingine zinakuwa tagi, yaani maneno madogo unayobandika kwenye makala. Mahali pia usipafanye kategoria ya juu, na msimu ndo kabisa, sababu huku kusini tuna mvua mbili, Machi mpaka Mei halafu Septemba mpaka Novemba, lakini Karamoja wana msimu mmoja, kategoria ya "Mvua ya pili" kwake haina maana yoyote.

Kwenye saiti ya masomo, mtoto anajua darasa lake kwanza. Kwa hiyo P1 mpaka P7 na S1 mpaka S6 ziwe juu, somo liwe ndani, na mitihani ya taifa ya nyuma, PLE, UCE na UACE, ipewe mlango wake sababu watahiniwa wanakuja moja kwa moja kwa hiyo. Duka la nguo, mtu anajua anamnunulia nani: wanawake, wanaume, watoto, saizi na rangi ziachie vichujio.

Hatua ya 4: Wape watu karatasi wapange wao

Kata vikaratasi, kila kimoja andika lile swali la hatua ya 1, chukua kama arobaini hivi siyo zote mia mbili. Mpe mtu ambaye siyo wa ofisini, muuza duka, mwanakijiji, mwanafunzi, mwambie apange vinavyofanana pamoja afu kila fungu alipe jina. Usimsaidie. Akiuliza "hii iende wapi?" mwambie aiweke anapoona inafaa, na uandike kwamba alisita hapo, maana penye kusita kwake ndipo wageni wako watapotea.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa saiti zilizo rahisi kutumia, mwaka 2004 alishauri watu 15 kwa zoezi la namna hii. Ukiwapata vizuri, lakini hata na sita unaona mengi, bora wawe tofauti tofauti, siyo wote vijana wa campus.

Ukishapata mafungu, fanya kinyume chake. Andika majina ya kategoria kwenye karatasi moja, mtafute mtu mwingine ambaye hakupanga, muulize "kuku wako anakohoa, ungebonyeza wapi?" "Unataka kujua bei ya kahawa kavu, ungebonyeza wapi?" Wakienda sehemu mbili tofauti nusu kwa nusu, jina moja kati ya hayo ni bovu, libadilishe ujaribu tena. Hii yote haina gharama isipokuwa soda, na inakuokoa usije ukavunja saiti nzima baada ya miezi sita.

Hatua ya 5: Majina

Simu ni ndogo. Ukiandika "Kilimo cha kahawa", "Kilimo cha matoke", "Kilimo cha mahindi", kwenye skrini ndogo jicho linaona Kilimo Kilimo Kilimo na neno lenye maana limekatwa mwishoni. Neno linalotofautisha litangulie: Kahawa, Matoke, Mahindi. Vile vile "Habari za" na "Masuala ya", vitoe.

Neno moja au mawili, matatu ukibanwa. Usiweke vifupisho ambavyo wewe tu unavijua (PDM iko sawa, kifupisho cha mradi wenu hakiko sawa). Kama umeanza na wingi kaa na wingi, usiweke Magonjwa hapa na Mdudu pale. Na "Mengineyo" mimi naikataa kabisa, hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi akatafuta mengineyo, ile ni sehemu ya mwandishi kupumzikia, msomaji haimsaidii kitu.

Hatua ya 6: Ziwe ngapi, ziende chini kiasi gani

Utasikia watu wanasema kategoria zisizidi saba, wanataja utafiti wa mwanasaikolojia George Miller wa 1956. Ule ulikuwa unahusu vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika kichwani, menyu mtu anaiona mbele yake hahitaji kuikariri, kwa hiyo usilazimishe saba kama namba ya uganga. Angalia tu kama zote zinaonekana kwa simu bila kuteremka mara tatu. Kwa ile saiti yetu mimi ningeishia tisa: Kahawa, Matoke, Mahindi na maharage, Muhogo na viazi, Kuku, Ng'ombe na mbuzi, Nguruwe, Udongo na mvua, Pesa na soko.

Nguruwe nimempa yake makusudi. Ukimuweka na mbuzi, msomaji Muislamu anayefuga mbuzi atakuta picha za nguruwe kila anapofungua na anaweza asirudi, na kati ya wasomaji wetu wa Kiswahili Waislamu wamo.

Utasema hizo mbili za mwisho si zao, umevunja sheria yako mwenyewe. Ndiyo, kuna makala zinazogusa mazao yote na lazima zipate pa kukaa, ila ziwekee kanuni iliyoandikwa: makala ikitaja zao moja inaenda kwa zao hilo, ikigusa yote ndo inaenda Pesa na soko au Udongo na mvua. Bei ya kahawa inaenda Kahawa. Jinsi ya kujiunga na SACCO inaenda Pesa na soko. Kanuni hii ibandike ukutani au iweke kwenye grupu la WhatsApp la waandishi, maana kama iko kichwani kwako tu siku ukisafiri imekwenda na wewe.

Chini ya hapo ngazi moja inatosha. Kahawa unaweza kuigawa Robusta na Arabika sababu mkulima wa Mlima Elgon na wa Masaka kweli wana mambo tofauti, lakini Muhogo na viazi yenye makala nane usiiguse. Kipimo changu: kategoria ndogo isiyofika makala tano irudi kwa mama yake, iliyopita hamsini angalia kama inagawika.

Hatua ya 7: Sasa ingia WordPress (programu inayoendesha saiti yetu ya mfano)

Kabla ya yote chukua nakala kamili ya saiti kupitia kampuni inayokuhifadhia au kwa plagini. Ile faili ya Tools, Export haitoshi peke yake, inabeba maandishi na kategoria lakini picha zenyewe haibebi.

Nenda Posts, kisha Categories. Kila kategoria jaza jina, jina la kwenye linki (slagi), mama yake kama anaye, na maelezo. Slagi iwe fupi, herufi ndogo, mfano ngombe-mbuzi, ile alama ya ng' usiipeleke kwa linki. Maelezo andika sentensi mbili zinazosema nini kiko ndani, themu (mwonekano wa saiti) nyingi zinayaonyesha juu ya ukurasa wa kategoria, na hapo ndo unaweka yale majina mengine kama gonja na bogoya.

Ile Uncategorized inayokuja na WordPress haifutiki ikiwa bado ndo kategoria ya kuanzia. Nenda Settings, Writing, uchague nyingine iwe ya kuanzia, au ibadilishe jina iwe "Haijapangwa" na usiiweke kwenye menyu, ikusaidie kuona makala ambazo mwandishi alisahau kuzipanga. Mimi napenda hii ya pili.

Kuhamisha makala mia mbili usifungue moja moja. Kwenye Posts chagua makala za kundi moja kwa vile visanduku, Bulk actions, Edit, Apply, weka tiki kwenye kategoria mpya, Update. Njia hii imezoeleka kuongeza kategoria mpya na ile ya zamani ikabaki, usiogope, ukimaliza kuhamisha zote futa kategoria ya zamani. Kufuta kategoria hakufuti makala, makala inabaki na kategoria zake zingine, na kama haina nyingine inaangukia ile ya kuanzia, kwa hiyo ukiona kitu kimeanguka "Haijapangwa" ujue ulikiruka.

Kila makala ipe kategoria moja. WordPress inakuruhusu kuweka tiki hata kumi, na waandishi wanapenda kweli kuweka tiki kila mahali wakidhani makala itaonekana zaidi, kinachotokea ni msomaji anafungua Kuku anakuta makala ile ile aliyoiona Pesa na soko na Mahindi, anachoka. Pande zingine zipe tagi: magonjwa, kupanda, kuvuna, Mashariki, video. Tagi ziwe na orodha maalum, tuseme ishirini, na tagi isiyofika makala tatu iondoe, sababu kila tagi inazaa ukurasa wake na ukurasa wenye makala moja ni mlango unaofungukia ukuta.

Mnaotumia Blogger badala ya WordPress: nyie mna lebo tu, hakuna mama na mtoto. Amua lebo tisa ndo kategoria zenu, hizo ndo ziende kwa menyu, zilizobaki ziwe kama tagi, na muwe wakali kwa spelingi.

Hatua ya 8: Zionekane

Kwenye simu menyu inajificha nyuma ya vile vistari vitatu na kuna watu wengi hawavibonyezi, hawajui ni kitu cha kubonyezwa. Ukurasa wa mbele uweke hizo kategoria tisa wazi, majina makubwa, picha nyepesi au bila picha kabisa. Makala mpya kabisa zifuate chini.

Ukurasa wa kategoria wenyewe una tatizo ambalo watu hawalifikirii. WordPress inapanga kwa tarehe, mpya juu, makala 10 kwa kila ukurasa kama hujabadilisha. Kahawa ikiwa na makala sitini, ile nzuri kuliko zote ya "jinsi ya kuanza shamba la kahawa" uliyoandika mwaka wa kwanza iko ukurasa wa sita, na ukurasa wa sita hafiki mtu. Basi tengeneza ukurasa wa kawaida wa kila kategoria kubwa, juu weka "Anza hapa" na makala tano za msingi kwa mpangilio wa kazi, kitalu, kupanda, kupalilia, kuvuna, kukausha, kuuza, afu chini ndo linki ya kategoria yenye zote. Menyu iende kwa ukurasa huu. Ni kazi ya mkono na inafaa kila dakika.

Halafu kumbuka watu wengi hawaingii kupitia ukurasa wa mbele. Mtu ametumiwa linki kwenye grupu la WhatsApp, anatua katikati ya makala. Kwa hiyo juu ya kila makala weka ule mstari wa njia, Nyumbani, Kahawa, Robusta, kila neno likibonyezeka, na mwisho wa makala weka tatu nne za kategoria hiyo hiyo. Bila hivo anasoma, anafunga, hata hajui mna makala zingine hamsini za shida yake.

Na kisanduku cha kutafuta kiwepo. Yahoo ilianza 1994 kama orodha ya saiti iliyopangwa kwa kategoria na vijana wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, watu wakawa wanapanga kwa mkono, intaneti ikawazidi, mwisho wa 2014 orodha ile ikafungwa. Lakini usidhani basi kutafuta kunatosha. Utafutaji wa WordPress wa kawaida unalinganisha herufi, ukikosea herufi hupati, na sisi wengi hapa Kiswahili tumekipata sokoni na barabarani na kambini, tunaandika tunavyosikia, l na r zinabadilishana, mtu akiandika "mborea" anaambiwa hakuna kitu wakati makala za mbolea ziko thelathini. Huyo kategoria ndo itamsaidia, anaona Kahawa, anabonyeza, anafika.

Hatua ya 9: Linki za zamani zisife

Kwa miaka watu wamezituma linki zako kwa magrupu. Ukibadilisha slagi ya kategoria, linki ya zamani ya kategoria inakufa, WordPress yenyewe inakumbuka slagi za zamani za makala lakini za kategoria haikumbuki. Weka plagini ya kuelekeza, Redirection ni ya bure, uandike linki ya zamani na mpya kwa aina ya 301, ndo ile ya kuelekeza moja kwa moja kwa kudumu. Google wanashauri uelekezaji kama huo ukae angalau mwaka mmoja, mimi nasema uache tu, haudai chakula.

Na kwenye Settings, Permalinks, usiweke kategoria ndani ya linki ya makala. Tumia jina la makala peke yake, ili siku ukihamisha makala kutoka Kuku kwenda Pesa na soko linki ibaki vile vile.

Hatua ya 10: Baada ya miezi mitatu

Fungua tena Search Console na yale yaliyotafutwa ndani ya saiti. Neno linalotafutwa sana wakati tayari lina kategoria, maana yake kategoria haionekani au jina lake halijaeleweka. Kategoria isiyobonyezwa, kwanza ibadilishe jina kabla ya kuifuta. "Haijapangwa" isafishe.

Makala mpya ikikataa kuingia popote, tuseme mtu ameandika kuhusu ufugaji wa samaki na huna samaki, iache "Haijapangwa" huku ukiwapa watu linki yake moja kwa moja. Zikifika tano ndo ufungue Samaki, na siku hiyo hiyo upitie za zamani kama kuna iliyotaja mabwawa ambayo ilikuwa imejibanza Udongo na mvua, uihamishe.